Ubao wa Blogu wa Bi Amreen

Mtu akienda kwa Bi Amreen Kurbanali kutoa kopi ya cheti, huondoka na kopi yake na jina la blogu ya kusoma. Duka lake la steshenari lipo Mtwara mjini, lina mashine mbili za kopi na rafu za madaftari, na analiendesha na mdogo wake Shahid tangu baba yao afariki. Mlangoni pana ubao mweusi. Zamani uliwaambia wapita njia kwamba hapa tunatoa kopi na kupiga lamineti. Siku hizi maneno hayo yamehamia ukutani, ubao umebaki wa blogu.

Ilianza siku mashine moja ilipofanya kiburi. Bi Amreen alikuwa anapekua mtandaoni kuitafutia dawa, akaangukia blogu iitwayo Dirisha la Jikoni, ya mwanamke wa Tanga aliyekuwa akimuuguza baba yake kiziwi. Akaanza kusoma amesimama. Akavuta kigoda akakaa. Alipomaliza macho yalikuwa mekundu, na moyo ulikuwa unamtuma amwambie mtu.

"Shahid, njoo usome hapa."

"Dada, mashine imepona?"

Basi akachukua chaki, akafuta ubao, akaandika: "Soma Dirisha la Jikoni. Huyu dada anajua kunyamaza na baba yake kuliko wengi wetu tunavyojua kuzungumza."

Kesho yake wanafunzi wawili wa uuguzi walisimama pale wakaupiga picha ubao. Jumamosi iliyofuata wakarudi kuuliza kama ipo nyingine. Hivyo kila Jumamosi ikawa siku yake. Alikuwa na miiko yake: hasifii blogu ambayo hajaisoma kuanzia andiko la kwanza hadi la mwisho, wala hasifii inayouza kitu. Watu wakamwamini. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mtawanya, Mzee Abdallah, ambaye macho yake yalikuwa hayawezi tena mwanga wa simu. Huyo Bi Amreen alimchapia maandiko kwa herufi kubwa, akamfungia kwenye faili.

Mwaka jana, msimu wa kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini, aliipata Ng'ambo na Huku. Aliyeiandika alijiita Zawadi wa Kilambo, mkulima wa mihogo na mpunga kando ya Ruvuma, aliyekaanga mihogo kivukoni na kuandika kwa simu. Aliandika kama anavyosema: mto kwake ni nto, mtoto ni ntoto, na mji wetu ni Ntwara. "Jana kiboko kavuka nto, kaja kula mpunga wetu kama ntu aliyealikwa harusini." Bi Amreen alicheka peke yake dukani. Kisha akafika kwenye andiko la siku ya mwisho ya mama yake Zawadi, maneno aliyoyasema yule mama na jinsi alivyoyasema. Hilo akalisoma tena kwa sauti. Jumamosi akaandika ubaoni: "Soma Ng'ambo na Huku. Isome kwa sauti."

Picha ya ubao ule ilisambaa kwenye makundi ya simu kuliko zote. Miongoni mwa walioipata alikuwa Mwalimu Ramadhani, mstaafu wa somo la Kiswahili, mteja wa siku nyingi. Naye akaisoma yote, kisha akaacha maoni marefu akisahihisha makosa ishirini na matatu. Nia yake haikuwa mbaya. Lakini nyuma yake walikuja wengine ambao hawakuwa walimu. Wakamwita mshamba. Wakauliza kama shuleni kwao walifundishwa na viboko.

Jumatano Bi Amreen alifungua blogu ile, akakuta ukurasa haupo.

Aliirudia mara tatu. Kisha akatoka nje akafuta ubao kwa kiganja cha mkono, chaki ikamwingia kwenye pete.

"Nimempeleka mtu sokoni bila nguo," alimwambia Shahid. "Na hata hakuniomba."

"Si wewe uliyemtukana, dada."

"Mimi ndiye niliyewaonyesha nyumba."

Asubuhi ya pili yake Shahid alimpeleka Kilambo kwa gari lao. Bi Amreen alikuwa ameazima faili la Mzee Abdallah, amelipakata mapajani njia nzima. Kule hakuna aliyejua habari za blogu, ila aliposema Zawadi anayekaanga mihogo kwa ajili ya abiria wanaosubiri kuvuka, kila mtu alinyoosha kidole.

Zawadi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono ina unga wa mihogo hadi kwenye viwiko. Alimkaribisha mgeni kwenye mkeka, akamletea maji, akasikiliza salamu zote hadi mwisho. Ndipo Bi Amreen akasema ni nani.

"Kumbe ni wewe mama uliyeniletea watu."

"Ni mimi. Nimekuja kukuomba radhi. Ilinipasa nikuulize kwanza."

Zawadi aliuangalia mkeka. "Nilikuwa na wasomaji kumi na mmoja. Nawajua kama majirani. Mmoja alikuwa ananiuliza hali ya mbuzi wangu. Siku moja naamka, wako mia nne, na wote wanacheka." Akajifuta mikono kwa kanga. "Nikafuta kila kitu. Kwa hasira, mama. Yalipokwisha kufutika ndiyo nikakumbuka, maneno ya mama yangu yalikuwamo mle. Sikuyaandika pengine popote."

Bi Amreen alilivuta faili karibu. Akalifungua, akatafuta karatasi za andiko lile, akampa.

Zawadi alisoma midomo ikitikisika. Alipofika mwisho alianza tena juu. Mihogo ilikuwa inaungua kwenye karai, na Shahid, ambaye hajawahi kukaanga kitu maishani mwake, aliinuka akaenda kuigeuza.

"Nani aliyezichapa kwa herufi kubwa hivi?" Zawadi aliuliza hatimaye.

"Mimi. Kwa mzee mmoja wa Mtawanya, haoni vizuri. Mjukuu wake ndiye humsomea."

"Alisemaje huyo mzee?"

"Alisema sauti hii hajaisikia tangu azikwe dada yake."

Zawadi alicheka huku machozi yanashuka. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba angependa kubaki na zile karatasi, na Bi Amreen akamwachia faili zima, maana maandiko yake yote yalikuwamo. Mzee Abdallah akachapiwa jingine kutoka kompyuta ya duka.

Mjini, Mwalimu Ramadhani alipokuja kununua kalamu, Bi Amreen alimsimulia yote, hakumpunguzia wala hakumwongezea. Mzee wa watu alishika kaunta. "Mimi nilidhani namsaidia," alisema. Kisha akaomba karatasi na bahasha. Barua ile aliiandika palepale dukani, ukurasa mmoja, na Bi Amreen hakuuliza mle mlikuwa na nini. Ilifika Kilambo kwa mkono wa dereva wa gari la abiria.

Baada ya wiki tano Ng'ambo na Huku ilirudi. Maandiko yote yalikuwamo, nto ikiwa nto na ntoto akiwa ntoto, na juu kabisa pameongezwa mstari: "Hapa tunaandika kama tunavyosema. Karibu, vua viatu."

Tangu hapo Bi Amreen haandiki jina la blogu ya mtu ubaoni kabla hajamwomba ruhusa. Wengi hukubali kwa furaha. Wengine hukataa, naye huwasoma kimyakimya na kuwaandikia mara mojamoja kuwauliza hali. Zipo blogu tatu za namna hiyo, na yeye anasema ndizo bora kuliko zote alizowahi kusoma. Shahid humuuliza ni zipi. Humjibu akalete karatasi stoo, wateja wanasubiri.