Siku Mama Alipotoa Fomu Mkobani

Kuna watu hapa Iringa mpaka leo wakikutana nami sokoni wananiuliza, "Festo, mama hajambo?" halafu wanageukia pembeni kucheka, na mimi najibu hajambo kama vile sijaelewa, lakini masikio yanawaka moto. Bora niwasimulie mwenyewe, maana hao wengine wanaongeza chumvi, na aibu yangu ile haikuhitaji chumvi hata punje.

Kwanza mnijue. Mimi si mtu wa kubahatisha. Niliondoka hapa na mfuko mmoja wa nguo, nikabeba mizigo Dar es Salaam miaka mingi, jioni nikawa nasoma mpaka nikapata stashahada ya biashara (ipo sebuleni kwenye fremu, mgeni akikaa kochi kubwa lazima aione), kisha nikarudi nyumbani, na sasa nina Fuso mbili zinazopakia vitunguu Ruaha Mbuyuni. Hakuna aliyenishika mkono. Hivyo ndivyo nilivyozoea kusema, tena kwa sauti.

Basi vijana wa usharika wetu wakaandaa mdahalo. Mada ilikuwa kwamba huduma za jamii, yaani matibabu, shule na maji, ziwe haki ya kila mwananchi na zilipiwe kwa kodi. Walitaka mtu wa kupinga, na wangempata nani zaidi yangu? Wa kuunga mkono alikuwa Mwalimu Atupele, dada wa Mbeya anayefundisha sekondari huku kwetu, mpole, sauti ndogo, na nilipomwona nikajiambia huyu nammaliza kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo nikafanya uamuzi mmoja mdogo, ambao wakati ule niliuona mzuri sana. Nikamleta mama. Nilitaka anione mwanawe akiongea mbele za watu, nikamkalisha mstari wa mbele na sweta lake jipya na ule mkoba wake mweusi asioachana nao.

Nilianza mimi. Nikawaambia vitunguu vyangu vinatozwa ushuru kila geti, na hiyo hela inakwenda kumtibu nani, mtu aliyekaa tu kijiweni? "Serikali si mama yenu!" nikasema, ukumbi ukalipuka. "Dawa ni bidhaa kama kitunguu. Mtu mzima anawatunza wazazi wake kwa jasho lake, hasubiri kodi ya jirani!" Mama akapiga makofi kuliko wote. Nikamwinamia kidogo, kama mbunge.

Mwalimu Atupele akasimama taratibu. "Kamwene," akasalimia, na ukumbi ukaitikia kwa furaha, maana Mnyakyusa akisalimia Kihehe watu wanampenda papo hapo. "Kaka yangu Festo ametueleza vizuri. Naomba tu kumuuliza, ile barabara Fuso zake zinapopita, aliichonga mwenyewe?"

Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka, kidogo.

"Mkisema dawa si haki," akaendelea, "basi inakuwa huruma. Na huruma lazima uiombe. Mtu anajaza fomu kuthibitisha kwamba hana kitu, hana mtu. Wapo wazee wameandikwa hawana watoto, na watoto wapo, wanapita hapa mjini na magari."

Iringa mwezi wa saba mnajua baridi yake, lakini mimi jasho lilianza mgongoni, likashuka taratibu mpaka kwenye mkanda.

Niwaambie kwa nini. Mwaka niliporudi, mtaani kulikuwa na uandikishaji wa kadi ya matibabu bure kwa wazee wasio na wa kuwatunza. Mama ana presha, anakunywa dawa kila siku. Nilipita pale ofisini nikiwa na haraka, Fuso imesimama juani na mzigo, nikachukua fomu nikaijaza mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri. Kulikuwa na swali moja kuhusu watoto. Nikaandika nilichoandika. Nilijiambia ni karatasi tu, na pia (sasa naweza kusema) nilijiambia hizo hela za ushuru wanazonikamua, acha nami nijirudishie. Mama hajui kusoma. Nilimwambia, "Mama, nimekushughulikia," akanishika kichwa akanibariki.

Na nakala ya fomu ile ilikuwa kwenye mkoba mweusi.

"Kaka Festo," Mwalimu akaniuliza, bila ubaya wowote, "mama yako akiumwa, nani analipa?"

Ningeweza kusema hilo ni jambo la kifamilia, tuendelee. Lakini mama alikwisha simama.

"Mwanangu ndiye ananitunza!" akasema, na kijana wa kipaza sauti akamkimbilia. "Msimsumbue mwanangu. Nikienda hospitali natoa kadi, sidaiwi kitu, kwa sababu huyu alinishughulikia kwa mkono wake mwenyewe. Ngojeni niwaonyeshe." Akafungua mkoba.

Nikamwambia, "Mama, kaa, mdahalo una muda." Nikamgeukia mwenyekiti, "Muda umeisha, si ndiyo?" Mwenyekiti akatazama saa yake akasema bado dakika kumi na mbili. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yule kijana kwa zile dakika zake.

Mama akatoa karatasi kwenye nailoni, akampa Mwalimu. "Soma mwanangu, watu wasikie mwandiko wa Festo."

Mwalimu akasoma jina la mama, akasoma umri, akasoma mtaa. Kisha akafika kwenye lile swali. Akaniangalia, na niliona kabisa kwamba hataki.

"Soma!" watu wakapiga kelele.

"Ni mwandiko wake," akasema polepole. "Asome mwenyewe."

Nikaishika. Mama alikuwa ananitazama huku anatabasamu. Sasa niambieni, ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikasoma kwa sauti yangu ya stashahada, "Swali, mzee ana mtoto wa kumtunza? Jibu, anaye mmoja, Festo, ana uwezo wa kutosha."

Makofi! Mama akageuka nyuma kuwaonyesha watu uso wake. Nikavuta pumzi, nikajua nimepona.

Ndipo Mzee Kalinga akanyanyua fimbo. Ni jirani yetu, anasumbuliwa na miguu. "Kamwene Festo. Mimi nilikwenda kuomba kadi hiyo hiyo, wakaninyima kwa sababu nina mtoto fundi cherehani. Sasa mama yako mwenye mtoto wa Fuso mbili kapewaje? Au mliiba kadi?"

"Eee, kapewaje?" sauti zikadakia. Mmoja akasema ofisi ya mtaa inahongwa, mwingine akasema yule mama kadanganya, tena akamwonyesha kidole. Mama akaanza kugeuka huku na huku, mkoba umebanwa kifuani. "Mimi sijaiba," akasema. "Festo, waambie. Mimi sijaiba."

Nikainua ile karatasi tena.

"Nimesoma vibaya," nikasema. "Imeandikwa hivi. Hana mtoto. Niliandika mimi. Mama hakujua."

Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama akauliza kwa sauti ya chini, ila kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni mwake na ukumbi mzima ukasikia: "Festo, mimi sina mtoto?"

Mwalimu Atupele angeweza kunimaliza. Badala yake alimpokea mama kile kipaza sauti, akasema tu, "Ingekuwa haki, asingehitaji kuandikwa hivyo," akaenda kukaa. Walipopiga kura kwa kunyoosha mikono, mkono wangu ulikuwa wa kwanza upande wake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma. Jumatatu asubuhi alivaa sweta lilelile, akaenda ofisi ya mtaa peke yake, akairudisha kadi.

Siku hizi kila tarehe ya kliniki naacha Fuso, nakwenda naye, nakaa naye kwenye benchi mpaka tuitwe. Na sitajaza tena fomu ya mtu bila kumsomea kila mstari, hata iwe na swali moja. Lakini bado naogopa siku ile kila mwezi, maana tukifika dirishani yule dada wa mapokezi humuuliza, "Bibi, una kadi ya wazee?" na mama, ambaye kwa kawaida huongea polepole, hunyanyua sauti mpaka foleni nzima igeuke.

"Kadi sina," husema. "Mtoto ninaye. Huyu hapa."