Jogoo Aliyeamriwa Kunyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini niliwahesabu kuku, wakawa kumi na wanane. Nikawahesabu tena, wakawa walewale. Nikawapigia bei kwa macho, mmoja mmoja, kwa mazoea, maana nilikuwa nimetoka kwenye biashara ya kuwanunua Magarini na kuwaleta Malindi kwa baiskeli. Kisha nikamwuliza Meneja wa hoteli wanachinjwa siku gani. Meneja, mtu wa bara, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo, akanitazama kana kwamba nimeuliza wageni wanachinjwa siku gani.

"Hawa hawachinjwi, mzee. Hawa ni wa kutazamwa."

Nikauliza, na mayai je? Akasema yakipatikana ni sawa, yasipopatikana pia ni sawa. Hapo nikajua nimeingia kwenye kazi isiyo na hesabu, nami bila hesabu silali.

Nyinyi vijana mnaoniuliza kazi ile ilikuwaje, nianze na kuku wenyewe. Wageni hawakutaka kuku wa kawaida. Walitaka kidimu, yule ambaye manyoya yake yamepindia nje kama aliyevaa fulana kinyumenyume. Walitaka kishingo, mwenye shingo tupu. Na zaidi ya wote walimtaka kuchi, kuku mrefu wa miguu na shingo, anayetembea kama anayedai heshima yake kwa kila mtu. Wote walipewa majina. Kidimu mmoja alikuwa na majina manne, kwa sababu kila mgeni aliyefika alimpa lake, na kila aliyeondoka alinishika mkono akaniomba nimwangalie vizuri. Nimwangalie vizuri vipi tena? Asubuhi nimempa mtama na maji. Nimempaka jivu chini ya mbawa kuwaua utitiri, wale wadudu wanaomnyonya kuku damu. Nimemtia jichoni tone la chanjo ya mdondo, naye shukrani yake ameiacha kwenye shati langu. Kilichobaki ni kumwimbia.

Na vifaranga je? Sisi tangu zamani huwapaka vifaranga rangi ya waridi mgongoni, ndege wawinda wawaogope. Mgeni mmoja akaenda mapokezi kulalamika kwamba tunawatesa. Mwingine akataka kununua wawili, akidhani wamezaliwa hivyo, na huyo nilimtajia bei. Meneja akapiga marufuku rangi. Kunguru wa Malindi nadhani walipata habari siku ileile. Wiki ilipokwisha, kati ya vifaranga tisa wa koo mmoja, kuku mama wa kuchi, nilihesabu mmoja. Nikahesabu tena.

Huyo mmoja nililala naye chumbani, ndani ya boksi la maji ya chupa, katika nyumba zetu za wafanyakazi. Sikumpa jina. Mtu wa biashara haipi bidhaa jina. Lakini alipofika kuwa pora, yaani jogoo kijana, sauti ikamtoka, wenzangu wakamwita Dalali, kwa sababu alianza kunadi saa tisa za usiku na hakuna bei iliyomnyamazisha.

Banda la kuku lilikuwa katikati: upande huu nyumba zetu, upande wa pili vyumba vya wageni, tena vile vya bei kali. Meneja akaniita ofisini.

"Mzee, mpaka Ijumaa. Baada ya hapo akiwika kabla ya saa mbili asubuhi, anaenda jikoni."

Nikamwambia jogoo hana saa. Akasema jiko linayo. Nikaomba wiki mbili, akasema Ijumaa. Nikaomba Jumapili, akasema Ijumaa. Nikaomba Ijumaa jioni, akakubali, nikatoka nimeshinda nusu siku.

Habari ilifika jikoni kabla yangu. Mpishi Mkuu, mtu wa Lamu, makamo yangu, akaja bandani mikono nyuma, akamzunguka Dalali kama anayepima kitambaa.

"Nyama ya kuchi ngumu, kaka," akasema. "Lakini ukimlaza na papai bichi usiku kucha, kisha tui zito, atalainika tu."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kumjulia hali."

"Mjulie hali ukiwa mbali."

Akacheka, akaenda zake. Mimi nilikuwa sicheki. Nilikuwa nimeuza kuku maisha yangu yote bila kugeuka nyuma, na huyu mmoja, ambaye hata hakuwa wangu, alikuwa ananikosesha chakula.

Sasa sikilizeni ufundi. Jogoo hawezi kuwika mpaka anyooshe shingo juu. Sisi tuliosafirisha majogoo tunalijua hilo: ukimweka penye dari fupi, hujaribu, hukwama, hukata tamaa. Nikagonga sanduku la mbao, pana la kumtosha kujigeuza, lenye nafasi za hewa, lakini kimo chake ni cha jogoo aliyekaa. Jumatano jioni, baada ya hesabu, nikamtia humo na gunia juu. Alinitazama kama mtu aliyefukuzwa na mkewe.

Usiku ule hoteli ililala. Shida ni kwamba ililala yote.

Wageni waliokuwa wanaondoka mapema walifika mezani saa kumi na mbili na nusu, wasikute chai, wala mkate, wala mtu. Mpishi Mkuu alitokea saa moja mbio mbio, kofia mkononi, vijana wake nyuma wakifunga aproni njiani. Kumbe jiko zima, miaka yote ile, lilikuwa linaamshwa na majogoo wangu, na tangu Dalali apate sauti waliobaki walikuwa wanamngojea yeye aanze.

Meneja alituita sote wawili. Alikuwa bado mpole, na hilo ndilo lililotisha.

"Mpishi, huna simu?"

"Ninayo. Simu naizima kwa kidole na usingizi wangu. Yule simfikii."

"Basi nitawanunulia saa ya ukutani yenye kengele. Jogoo apelekwe jikoni leo, tumalize."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuanza kupatana bei. Mpishi Mkuu akanitangulia.

"Jikoni kwangu hapikwi. Akija, aje kunywa chai."

Hapo nikapata pa kushika. Nikapendekeza sanduku lihamishiwe nyuma ya nyumba zetu, upande wa dobi, na lifunguliwe saa kumi na moja kamili, si kabla. Wageni watalala, jiko litaamka. Meneja akakubali, kisha akauliza nani atalifungua. Wote wawili wakanitazama mimi.

Ndivyo nilivyofanya kwa miaka iliyobaki: niliamka kabla ya jogoo ili jogoo awaamshe watu. Hakuna aliyeona ajabu. Msimu mmoja nilihamishwa kwenda tawi la Kilifi, chini ya Msimamizi wa Bustani aliyependa maua kuliko viumbe vyenye miguu, na kila kuku aliyechakura alinihesabia mimi. Mwezi haukwisha, Mpishi Mkuu akanipigia simu: aliyeachiwa sanduku alikuwa analala mpaka jua, na chai ilikuwa imechelewa tena. Nikarudishwa.

Siku ya kustaafu kulikuwa na keki, soda na hotuba. Meneja akaniuliza ningependa zawadi gani. Nikaomba Dalali na matetea wawili. Akanipa Dalali. Nikaomba tetea mmoja. Akanipa Dalali.

Sasa niko nyumbani kwetu Barani, hapahapa Malindi. Hakuna mgeni wa kulalamika, wala chai ya watu wengine, wala sanduku, maana nililitia motoni wiki ya kwanza. Dalali anaruhusiwa kuwika saa anayotaka. Na yeye, kwa uzee au kwa ukaidi, anataka saa mbili.

Mimi ndiye niliyeharibika. Saa kumi na moja macho yako wazi. Nachukua kurunzi, natoka, namhesabu: mmoja. Namhesabu tena. Mke wangu huniuliza kutoka kitandani natafuta nini gizani, nami humwambia nangoja jogoo awike.

"Si umekwisha amka?"

Humwambia nimekwisha. Kisha nakaa kwenye kibao karibu na Dalali, nangoja.