Hotipoti ya Serah

"Mtu mzima hadaiwi chombo kwenye ngazi za kanisa, Mama Duncan. Ungenipigia simu."

"Nimepiga mara ngapi, Mama Ikupa? Sasa unanikasirikia na ni hotipoti yangu?"

Wanawake waliokuwa wakitoka kanisani wakapunguza mwendo, kila mmoja akitafuta glavu ambayo hakuipoteza.

"Hotipoti yenyewe kuukuu," alisema Tumpe, akashuka ngazi kichwa juu. Alipofika kituo cha basi kichwa kilikuwa kimeshuka chenyewe.

Miezi saba nyuma alipopasuliwa kidole tumbo, huyo Mama Duncan, yaani Serah, muuguzi wa Kikenya, alimletea pilau ndani ya hotipoti hiyo. Kwao Tumpe, Tukuyu, chombo cha mwenzio hakirudi kitupu, hata ukitia ndizi mbili. Ndizi zenyewe ndizo hazikuwapo. Huku ughaibuni, kwenye nyumba ya kutunzia wazee ya Champlin alikofanya kazi, zamu zake zilipunguzwa kutoka tano hadi mbili kwa wiki. Kodi ya nyumba ikala mshahara, Tumpe akala chai. Kila Alhamisi alipanda mabasi mawili hadi Woodbury kuchukua chakula cha bure, ilhali hapo mtaani kwake Frogtown kilitolewa hatua chache kutoka mlangoni. Woodbury hakuna aliyemjua. Na makopo yale angeyatiaje kwenye chombo cha watu? Asante kwa pilau, pokea maharage ya sadaka? Bora aitwe mwizi. Mwizi angalau ana kitu.

Jumatatu Serah akaja mwenyewe. Alipiga hodi moja, akapita hadi jikoni. Hotipoti ilikuwa juu ya kabati, imesuguliwa inang'aa. Akaishusha, kisha akafungua friji atafute maji ya kunywa. Ndani mlikuwa na jagi la maji na nusu kitunguu.

"Funga, umeme unaisha," alisema Tumpe, akiangalia sakafu.

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Na harusini kwa Maureen ulisema umekonda kwa vile huli sana, kwa ajili ya presha."

"Ulitaka niseme nini, Mama Duncan?"

Serah akavua koti, akavuta kiti. "Mimi pia sibebi chombo kitupu. Mama yangu angenichapa. Uko na nini?"

Tumpe akatoa makopo mawili ya maharage yaliyobaki, akayageuza ili karatasi yenye alama ya mgao wa bure iangalie ukuta. Alikata kitunguu vibaya. Serah akajishughulisha na simu yake, asitazame. Maharage yalipoiva yakajaza hotipoti nusu.

Serah akaonja. "Chumvi imezidi."

"Ndivyo yanavyotoka kwenye kopo."

"Nitakula na ugali."

Chakula cha Tumpe cha siku mbili kikabebwa kwapani. Hakukionea uchungu. Alimsindikiza mgeni wake hadi kwenye gari, bila koti, kama mwenye nyumba yeyote.

"Sasa hatudaiani, Mama Ikupa," alisema Serah, akiwasha gari. "Rudi ndani, kuna baridi."