Shilingi ya Mama na Kasha Lake la Zamani

Mara ya pili nilipoiomba ile shilingi, Mama alinipa kwa sharti moja: irudi vile ilivyotoka. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, nimetunza karatasi za mitihani za watoto wa watu miaka yote, shilingi moja ingenishindaje? Sharti lenyewe nililielewa kwa namna yangu, kwamba nisiipoteze na nisiiuze.

Ni shilingi ya Afrika Mashariki ya enzi za mkoloni, ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme na upande wa pili simba na milima nyuma yake. Huko kwetu kijijini Bahati ilikaa ndani ya mkebe wa majani ya chai, imezungushiwa pamba, tangu kabla sijazaliwa. Nilipoanza ugonjwa huu wa kukusanya sarafu, hiyo ndiyo niliyoiomba kwanza. Niliituma ng'ambo kwa wakaguzi wanaozipima sarafu na kuzipa alama, kupitia jamaa wa Nairobi aliyekuwa akikusanya vifurushi vya wenzake. Ilirudi baada ya miezi mingi, imefungiwa ndani ya kasha dogo la plastiki, na ndani yake kikaratasi chenye alama: sitini na mbili. Alama za juu kabisa ni sabini.

"Mmeifungia kama maiti," Mama alisema, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini alilichukua kasha lake, akaliweka kwenye kabati ya vikombe, na likakaa humo miaka mingi.

Ile sitini na mbili iliniuma. Mtu aliyesahihisha mitihani maisha yake yote hapendi kupewa alama bila maelezo, na wakaguzi wa siku hizo hawakueleza kitu. Hawakusema kosa liko wapi. Nilikuwa nikienda Bahati kumwona Mama, nikipita kabatini naiona sitini na mbili inanitazama, chai inaingia nyongo.

Sisi wakusanyaji wa Nakuru hukutana Jumamosi kwenye chumba cha nyuma cha hoteli moja mjini, watu saba au wanane, chai na mandazi. Mandazi huliwa kwanza, mikono ikaoshwa, ndipo sarafu zitolewe. Hatukuwa na adabu hiyo zamani. Tulizishika vyovyote, tukazitia kwenye vifuko vya plastiki laini, zikatoa ute wa kijani kama kamasi, nasi tukashangaa nani ameturoga. Mmoja wetu alizisugua zake zote kwa jivu, kama anavyosugua sufuria, ziking'aa anafurahi, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuzipokea. Leo tumeerevuka. Tuna masanduku yasiyopitisha hewa, tunaokota vile vipakiti vya kuzuia unyevu kwenye maboksi ya viatu vipya, na vumbi la Nakuru tunalipiga vita kwa brashi ya kupaka rangi.

Na wakaguzi nao wamebadilika. Makasha ya sasa ni manene, mazito mkononi, sarafu imeshikwa na vijino vidogo hata ukingo wake unauona. Kikaratasi kina mchoro wa kupigwa picha na simu, na picha ya sarafu yako inatokea hapo hapo. Jambo lililotusisimua zaidi ni hili: inasemekana zamani walikuwa wachoyo wa alama. Sarafu iliyopewa sitini na mbili wakati ule, leo inaweza kupanda.

Aliyenitia moto ni mwenyekiti wetu, daktari wa meno, mtu mwenye mkono mtulivu na mdomo usiotulia. Siku niliyoileta shilingi ya Mama, baada ya kuiomba mara ya pili, aliiinamia kwa lenzi yake muda mrefu.

"Mwalimu, hii kitu ni safi sana," alisema. "Shida ni moja tu. Ona hapo shingoni mwa mfalme. Mtu alishika na kidole kichafu, ikakauka. Hiyo ndiyo ilikuangusha. Ukitoa hiyo doa, hao watu watakupea sitini na tano, trust me."

Nikaangalia. Kweli, palikuwa na mistari ya kahawia, myembamba, imezunguka kama mistari ya kidole gumba. Nilikasirika. Karani gani huyo wa benki aliyekula nyama akashika shilingi ya mama yangu? Kasha lenyewe lilikuwa limechoka pia. Juu ya doa lile, na hapo tu, plastiki ilikuwa imefanya ukungu, ukitaka kuona vizuri lazima uinamishe kwenye mwanga. Nilidhani ni vikombe vya kabatini vimelikwaruza. Nikapiga picha kwa simu, ikatoka mng'ao mtupu.

Nililifungua kasha mezani kwangu, mtaani Free Area, kwa koleo, nimelizungushia taulo. Lilipasuka vipande viwili kwa sauti ya mfupa wa kuku. Daktari alikuwa ameniletea dawa yake kwenye chupa ndogo. Niliichovya shilingi kwa uzi, nikahesabu mpaka nane, nikaisuuza. Mistari haikuwepo tena. Nilifurahi, siwezi kudanganya. Niliimba jikoni.

Niliituma tena kwa wakaguzi, ikarudi ndani ya kasha jipya, sitini na tano. Jumamosi ile niliwanunulia wote chai. Jumatatu nikaenda Bahati nimevaa koti, kama mtu anayepeleka ripoti ya mtoto aliyeshika namba moja.

Mama alikuwa kibarazani akichambua maharagwe. Alijifuta mikono kwenye leso, akalipokea kasha, na kabla hata ya kulitazama akaweka kidole gumba juu ya shingo ya mfalme, akakizungusha polepole. Kisha akainamisha kasha kwenye jua. Akaligeuza. Akalirudisha.

"Kidole yake iko wapi?" aliuliza.

"Kidole cha nani, Mama?"

"Cha baba yako."

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Picha yake tuliyo nayo ni ile ya kipande tu, kitambulisho cha enzi za mkoloni, ndogo kama stempu, imefifia.

"Alikuwa anapaka trekta ya mzungu grisi," Mama alisema. "Siku alikuja kwetu kuniuliza kama nitamkubali, alinipea hii. Ilikuwa mpya kabisa. Mkono yake ilikuwa bado na grisi, hata hakunawa, alikimbia tu. Mimi nikaifunga na pamba hapo hapo. Hakuna mtu mwingine aliwahi kuishika."

Nilikuwa nimekuja kumweleza kuhusu alama, kwamba sasa ni sitini na tano. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya mtu yeyote. Nilimwambia ukweli: niliiosha kwa dawa, nilihesabu mpaka nane.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alirudi kwenye maharagwe yake, akachambua kidogo, akaacha.

"Na ile nyumba yake ya kwanza?" aliuliza. "Ulitupa?"

Mimi situpi kitu. Vile vipande viwili vilikuwa kwenye mkoba wangu, ndani ya bahasha, maana nilivipeleka hotelini kuwaonyesha wenzangu jinsi plastiki ya zamani ilivyokuwa nyembamba. Nilimpa. Alichagua kipande cha mbele, kile chenye ukungu, akakipangusa kwa leso na kuweka gumba lake pale palipofifia. Liliingia sawasawa. Hapo ndipo nilipojua kwamba si vikombe vilivyolikwaruza kasha. Ni yeye, miaka yote hiyo, akifungua kabati.

Nilimsogezea shilingi.

"Hiyo rudi nayo," alisema. "Itakufaa na wenzako. Hii ndiyo utaniachia."

Akainuka, akaingia ndani, na nikasikia mlango wa kabati ya vikombe ukifunguliwa.