Mtoto wa Kwenye Video

Watu wa video walikaa kwangu hapa Boito siku mbili. Walitaka watoto wanaolelewa na nyanya zao, sisi tunaoitwa kogo. Mjukuu wangu ana miaka tisa, na mama yake yuko kazini Uarabuni, huu ni mwaka wa nne. Nilikubali kwa sababu moja: binti yangu amwone mtoto wake. Maana simu ya mama yake ikilia, huyu mtoto hutoroka, anajificha shambani katikati ya majani chai mpaka ikatike.

Msichana wa kamera akamwambia, "Fanya kama hatuko." Hawako namna gani, na wameziba mlango wote wa zizi? Mjukuu wangu hukamua akigombana na ng'ombe: "Simama, wewe mnono! Unaringa nini?" Siku hiyo akaanza Kiswahili cha mwalimu. "Tafadhali, ng'ombe wetu mpendwa." Ng'ombe akageuka, akamwangalia, akabana maziwa yote.

"Si umgombeze kama jana!" nikasema.

"Kogo, nyamaza, wananichukua video!" akaninong'oneza.

Halafu wakamuuliza kuhusu mama. Akainamisha kichwa, akatoa sauti ya kanisani: "Nampenda sana. Namwombea kila siku." Tangu lini? Nikafungua mdomo, wakaniashiria ninyamaze. Mimi, kwangu!

Video ilipotoka, binti yangu akapiga simu akilia kwa furaha.

"Mama, nimemtazama mara kumi. Kumbe hana kinyongo na mimi."

Ningenyamaza tu. Lakini anakuja Desemba. Atafika mlangoni amefungua mikono, akimngoja yule mpole, na yule mpole hayuko.

"Huyo ni wa kamera," nikamwambia. "Wako amekukasirikia. Anasema ulimwambia unaenda Kericho kumnunulia viatu, ukapotea."



"Mama, si ungeniacha tu na huyo wa video?"

"Nikuache ndio uje uvunjike moyo hapa mlangoni? Hapana. Ukifika, hiyo video usiitaje. Atakurushia maneno. Kaa chini umsikilize mpaka amalize, halafu umwambie ukweli wa hivyo viatu."

"Na nikilia?"

"Lia. Lakini usimkatize."