Ufa Ule Msiuzibe

Sogea karibu, mwanangu, weka simu chini unisikilize. Nakumbuka siku moja ya Novemba, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na mwaka wangu wa kwanza hapa Birmingham ulikuwa haujaisha. Vijana wa kanisa letu la Aston tulipelekwa matembezi kwa basi dogo, upande wa magharibi, mpaka kwenye mto wenye maji baridi ya kukata vidole.

Kilichoniponza ni ujuzi. Kwetu Kongo, wanawake huvua wakati wa kiangazi. Kijito kikipungua tunakiziba kwa mawe na udongo, kisha tunachota maji kwa beseni mpaka samaki wabaki wakigaagaa kwenye tope. Mama alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mama yake. Basi nilipoona mkono mwembamba wa mto ule, na samaki mrefu akipita ndani yake, sikuuliza mtu. Mimi na rafiki yangu Neema tulivua viatu, tukapandisha sketi, tukapanga mawe huku tukipiga kelele za baridi. Baada ya muda maji yaligeukia upande wa pili, na chini ya boma letu la mawe changarawe ikaanza kukauka.

Ndipo niliposikia Kiswahili nyuma yangu.

"Wewe msichana! Toa mguu hapo. Unakanyaga watoto."

Alikuwa mzee wa Kisingasinga, mwenye kilemba cha buluu na mabuti ya mpira yaliyofika mapajani. Aliitwa Mzee Gurdev, mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Great Barr, hapahapa Birmingham, na baada ya kustaafu alijitolea kuulinda mto ule. Nami nilikuwa na mdomo, mwanangu.

"Papa, hii mto ni ya baba yako?"

"Baba yangu alikuwa na duka, hakuwa na mto. Wako alikufundisha kujibu wazee hivyo?"

"Alinifundisha kutafuta chakula."

"Haya. Njoo uone unachopika."

Akainama pale palipokauka, akaondoa changarawe kidogo kwa vidole viwili. Chini yake mlikuwa na mayai, kama shanga za rangi ya chungwa.

Akanieleza polepole. Samaki yule ni samoni. Huzaliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kwenye mto uleule kuzaa. Mama huchimba changarawe kwa mkia, hutaga, hufukia. Yai hupumua kwa maji yanayopita kati ya mawe. Maji yakikatika, yai hukauka. Yakizibwa yakatulia, tope laini hushuka na kujaza zile nafasi, na yai hukosa pumzi. Kwetu, samaki wa kidimbwi cha kiangazi angekufa hata nisingemvua. Hapa nilikuwa nimeziba chumba cha uzazi.

Tulibomoa boma haraka, maji yakarudi. Lakini baadhi ya mayai yalikuwa yameshapauka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Siku ile guu langu lilipona, wakaumia wasio na kosa.

Nilianza kulia. Mzee akasema, "Machozi hayaongezi maji. Twende."

Akanionyesha ukuta wa kale uliokatiza mto mzima, mabaki ya kinu cha kusagia. Ulikuwa na ufa mpana, na samoni walijirusha humo mmoja baada ya mwingine. Mwenye ardhi alitaka kuuziba ufa na kuuinua ukuta, apate bwawa tulivu la kupendeza macho. Mkutano wa kuamua jambo hilo ulikuwa wiki ile.

"Wewe unajua kubisha," Mzee alisema. "Ubishi wako usiumalizie kwangu."

Nilikwenda. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea mkate, kwa hiyo Mzee alitafsiri. Mwenyekiti akasema nina dakika moja, na tena mimi ni mgeni hapa.

"Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone," nikajibu. "Mimi nimeziba mto huu kwa mikono yangu, kipande kidogo tu, nikaona nilichoua. Nyinyi mnataka kuziba wote. Tunasema pia usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa ule msiuzibe. Ndio mlango wa samaki."

"Asante, sasa kaa," akasema.

"Sikai. Nijibuni kwanza: ukizibwa, samaki atapita wapi?"

Nilisimama mpaka mtu mmoja nyuma akasema, "Mjibuni." Mwishowe wakauweka mpango kando. Ukuta haukuinuliwa. Kila wakilileta jambo hilo upya, mimi na wenzangu tunakwenda upya, na mara zote wanatukuta tumesimama.

Mwanangu, ujuzi wa nyumbani ni mali, lakini uulize majira ya mahali kabla hujautumia. Ukikosea, kiri, kisha kosa lako ulifanye ushahidi, wala usikubali aibu ikuzibe mdomo. Na asikutishe anayekuita mgeni. Samoni naye hutoka mbali, na mto ni wake.

Mungu akupe mgongo usioinama na moyo usiokauka.

Kuanzia Novemba hadi majira ya kuchipua, usikanyage changarawe ya mto. Na ukisikia wanataka kuziba maji popote, nenda mkutanoni, inua mkono, uliza samaki atapita wapi, na usikae mpaka wakujibu.