Sahani ya Arvel Stamper

"Mimi ndiye mume mbaya kuliko wote Tennessee, na nina wimbo wa kuthibitisha!"

Arvel Stamper aliyasema hayo jukwaani, kwenye maonyesho ya kaunti, baada ya kumpokonya maikrofoni mtu aliyekuwa akimtangaza nguruwe mshindi. Watu walipiga miluzi. Mkewe, Nadine, alikuwa safu ya mbele akitafuna hindi la kuchoma, na hakuinua hata macho. Alishamsikia.

Hapa Tolliver kila mtu anaujua wimbo wenyewe, "Sahani Mbili." Nadine aliutunga enzi zile ndoa yao bado mbichi, Faye Dillard wa Nashville akauimba, na ukachezwa kwenye kila redio ya lori kutoka hapa hadi Texas. Mke anaandaa sahani mbili mezani. Mume, dereva wa lori, hajarudi. Ubeti wa pili, bado hajarudi. Ubeti wa tatu mke anachukua sahani ya mume, anaipangusa ingawa haijatumika, anairudisha kabatini. Wakifika hapo, wanaume wazima wenye ndevu zao huegesha kando ya barabara walie kwanza.

Kilichoachwa nje ya wimbo ni kwamba Arvel alirudi. Lori lilimharibikia Georgia, simu hakuna, akachelewa, halafu akaingia jikoni na kikapu cha matunda ya pichi na uso wa mtu anayeomba msamaha. Nadine alikuwa ameandika ubeti wa tatu hivyohivyo, pichi na kila kitu. Mwenye ofisi ya nyimbo kule Nashville akausikiliza, akasema, "Mama, mume akirudi hatuuzi kitu. Mwache hukohuko." Ndiyo desturi ya kazi ile. Ubeti wa tatu lazima mtu afe, au aondoke, au afe mbwa. Wao hawakuwa na mbwa.

Basi Nadine akamwacha barabarani, wimbo ukawapa paa jipya, na Arvel akaigeuza aibu kuwa cheo. Kinyozini, kanisani, kwenye foleni ya posta: "Unamjua yule asiyerudi? Ndiye huyu." Kisha anakwenda nyumbani kula.

Miaka ikapita. Kumbukumbu za Nadine zikaanza kuondoka mojamoja, kwa adabu, kama wageni wasiotaka kumwamsha mwenye nyumba. Yakaondoka majina ya majirani, ikaondoka njia ya kwenda kanisani. Wimbo ukabaki. Kila jioni aliuimba akiandaa meza, na siku zilivyokwenda akauamini.

Jioni moja Arvel alivuta kiti chake kama kawaida. Nadine akafunika sahani kwa mkono.

"Samahani, bwana. Hapo ni pa mume wangu."

"Nadine, ni mimi."

"Naona wewe ni mtu mwema. Lakini mume wangu yuko njiani. Maharage yapo ya kutosha, nitakutilia kwenye bakuli."

Arvel akala amesimama kando ya sinki, mkate wa mahindi mfukoni. Kesho yake vilevile. Akamletea picha ya harusi, Nadine akaitazama kwa makini. "Kijana mzuri. Ni mwanao?"

Kula wima alikuwa anaweza, dereva amezoea. Kilichomvunja ni ubeti wa tatu. Nadine akiufikia, aliipangusa ile sahani safi na kuirudisha kabatini huku machozi yanamtoka. Mkewe alikuwa anaachwa upya kila jioni, na aliyemwacha ni yeye, naye yupo palepale na kijiko mkononi.

Jumamosi akaenda ukumbi wa zimamoto, ambako wazee wetu hukutana kupiga magita na kutukanana. Cleon Maddux, mpiga fidla, alikuwepo barazani kwa Nadine siku wimbo ulipotungwa.

"Cleon, unaukumbuka ule ubeti wa tatu wa mwanzo? Ule ninaorudi?"

"Kumbe ulirudi? Na ulivyotuchosha kwamba hukurudi!"

"Leo sitaki utani, ndugu yangu."

Cleon akamtazama, akaweka fidla chini. "Nakumbuka kumbuka. Lakini auimbe nani? Wewe? Sauti hiyo ya geti la ng'ombe?"

"Nifundishe."

Akafundishwa. Waliokuwa ukumbini wakahamia nje mmojammoja.

Jioni moja ya Julai, Nadine alipomaliza ubeti wa pili na kuinyooshea sahani mkono, Arvel akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama nje ya wavu wa mbu, akaanza. Aliimba lori linapanda kilima, taa zinapiga ukuta wa jikoni, mwanamume anashuka na maua mkononi.

Nadine akageuka. "Si maua."

"Nini?"

"Ni pichi. Kakufundisha nani, Cleon? Cleon hajawahi kushika maneno hata ya sala ya chakula." Akaumalizia mwenyewe, taratibu, hadi mstari ambao hakuna redio iliyowahi kuucheza: sahani mbili chafu, zimelaliana kwenye sinki. Kisha akachungulia kwenye wavu. "Haya, pichi ziko wapi?"

"Kwenye gari," Arvel akadanganya, akakimbia. Na magoti yale ya kizee.

Pale kituo cha mafuta, muuza pichi za Georgia alikuwa anafunga turubai la lori lake.

"Tumefunga, mzee."

"Mke wangu ananisubiri."

"Wake wote wanasubiri."

"Huyu ananisubiri tangu hujazaliwa, kijana. Fungua."

Akafungua. Arvel aliporudi, sahani ilikuwa bado mezani na Nadine amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Umechelewa, Arvel."

"Lori liliharibika."

"Hukuweza kupiga simu?"

"Simu hakuna."

"Nawa mikono. Maharage yameshapoa."

Akaketi.

Asubuhi alikuwa "bwana" tena. Jioni akatoka tena kwa mlango wa nyuma, akaimba, akaingia na kikapu. Siku nyingine inakubali, siku nyingine anakula kwenye sinki na pichi zake kifuani. Kwenye maonyesho ya mwaka huu walimpa maikrofoni wenyewe, tukajiandaa kuzomea. Akasema, "Nilirudi," akamrudishia maikrofoni mtangazaji wa nguruwe.

Lori la pichi liliondoka Agosti ilipokwisha. Sasa ananunua za kopo, analiweka kopo ndani ya kikapu kilekile, na Nadine hajalalamika. Kopo moja ni dola mbili na senti kumi na tisa.